Mke Mwenza wa Shangazi

Wiki iliyopita gari yangu ilianza kutoa mlio chini, kama mtu anayesaga meno usingizini, nikaipeleka Wadi Kabir, hapa hapa Muscat, kwa fundi niliyesifiwa na mwenzangu wa kazini. Unavijua vichochoro vile vya magereji. Kila mlango unafanana na mwenzake, hewa imejaa mafuta na rangi ya kupuliza, na nyundo haziachi kugombana na mabati tangu asubuhi. Fundi akanipa kiti cha plastiki kivulini na chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi, akaingia chini ya gari. Nikainua macho kuutazama mlima ulio nyuma ya mapaa, ule mlima mweusi wenye mwanya juu kama pengo la jino, nikakiweka kikombe chini. Nilikuwa nimekaa mahali lilipokuwa banda la Zuhura. Si karibu na hapo, wala si mtaa wa pili. Hapo hapo.

Zuhura alikuwa farasi. Nikikwambia hivyo utadhani natoka katika nyumba ya watu wakubwa, na hatukuwa hivyo hata kidogo.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na siku zangu nyingi nilizimaliza kwa Bibi, Darsait, kwa sababu Baba alikuwa afisini Ruwi mpaka mchana na Mama akifanya kazi za zamu hospitali. Bibi alizaliwa Unguja, akaja Muscat mtu mzima na watoto wake, na jiko lake halikupata kuhama. Ukifungua mlango wa uani unapokewa na harufu ya hiliki, tui la nazi na kitunguu kinachokaangwa, na sauti yake ikikuuliza kama umeshasali. Ghorofa ya juu wakikaa Shangazi, dada yake Baba, na mumewe niliyekuwa nikimwita Ami. Hawakujaaliwa mtoto. Walikuwa na Zuhura, au tuseme Ami alikuwa naye.

Ami alikuwa karani. Mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ndogo hata dukani muuzaji humwomba arudie alichosema. Lakini siku za Idi, wanaume wanapotoka na farasi wao kwenye uwanja na watu kujipanga kando, nilimwona kwa macho yangu akisimama wima juu ya mgongo wa Zuhura anayekwenda mbio, hatamu mkono mmoja, mkono wa pili ameshikana na mpanda farasi wa ubavuni mwake, na anaimba. Sauti ile sikujua alikuwa akiiweka wapi siku nyingine.

Kila jioni alipitia Wadi Kabir kabla ya kurudi nyumbani. Na kila jioni, akiingia tu, Shangazi aliuliza kutoka juu ya ngazi:

"Mke mwenzangu hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Mwambie salamu zake sizitaki. Mimi nnapika, nnafua, nnangoja. Yeye kazi yake kusimama kivulini, na ndiye anayechanwa nywele."

Ami alicheka, na Bibi alicheka, na Shangazi mwenyewe alicheka nusu. Nusu ya pili ilibaki. Kwa miaka kumi na mbili Shangazi alikuwa akitaka kurudi Unguja walau mwezi mmoja, aione nyumba aliyozaliwa kabla haijaanguka. Kila mwaka Ami alisema baada ya kiangazi, inshallah. Kiangazi kikaisha, na Zuhura akahitaji daktari, au viatu vipya vya chuma, au banda likataka paa. Na pesa zikishapatikana muda ukakosekana, maana farasi hafungiwi mlango ukaenda zako. Niliwasikia wakigombana juu, kwa sauti za chini, za watu wenye adabu. "Anakula muda wako wote," Shangazi alisema. "Mimi nnakula makombo." Katika miaka yote hiyo hakupata kutia mguu Wadi Kabir. Alisema mtu haendi kumtembelea mke mwenziwe.

Mimi nilikwenda. Ijumaa baada ya alfajiri Ami alinipitia, nimeshavaa, na mfukoni nimebeba tende zile laini za mwisho wa mfuko ambazo Bibi hawapi wageni. Zuhura alikuwa mwekundu, rangi ya chai isiyotiwa maziwa, na paji lake lina alama nyeupe. Alizitoa tende kiganjani mwangu kwa midomo, polepole, kama mtu anayeokota sindano. Nilijifunza kuloweka shayiri, kufungua vitita vya majani mabichi, kumchana singa zake za shingoni bila ya kuzivuta, kuinua kwato na kuzitoa mawe. Saisi wake, mtunzaji wake wa kila siku, alikuwa Mkenya mtu mzima kutoka upande wa Nakuru, aliyetunza farasi kwao maisha yake yote. Bibi alisema Kiswahili chake ni cha kupasua kuni, lakini kila Ijumaa akimpelekea mandazi.

Mwisho wa Machi, baridi ikiaga, Ami alianguka afisini kabla ya adhuhuri. Mpaka wanampeleka hospitali alikuwa ameshatangulia. Tulimzika jioni ile ile.

Shangazi akaingia edani. Alihamia chumba cha chini, jirani na cha Bibi, akavua bangili zake moja moja na Bibi akazifunga kwenye kitambaa. Hakuna wanja, hakuna udi, hakuna mafuta mazuri, hakuna kutoka. Miezi minne na siku kumi. Mimi nilikuwa nikidhani kizuka, mjane aliye edani, ni mtu wa kutisha, kumbe ni Shangazi yule yule, amekaa kwenye mkeka, anatazama ukuta.

Siku ya nne, wageni wa khitma wameshapungua, wanaume walikaa chumbani kwa Bibi kuzungumza habari ya Zuhura. Mlango wa katikati uliachwa wazi kidogo ili Shangazi asikie. Nduguye Ami alisema wao hawadai kitu, farasi ni wa mjane. Baba akasema vizuri, kwa hivyo mambo ni mepesi. Kuna rafiki wa marehemu, mtu wa Barka, ana shamba na farasi wengine, ameshasema hata kesho atakuja kumchukua.

"Khalas, na amchukue," Baba alisema. "Nani katika sisi ana nafasi ya farasi? Kumlisha, kumletea maji, saisi, daktari. Na kila siku ya Mungu! Wala dada yangu hakumpenda."

Sote tulidhani hivyo. Sauti ikatoka nyuma ya mlango:

"Asiende."

Baba akaugeukia mlango.

"Nikitoka edani ntakwenda kumwona mwenyewe. Kisha ntasema."

Bibi akamjibu taratibu, "Mwanangu, joto hilo linakuja. Farasi si kuku. Nani atamtazama miezi minne?"

Baba alikuwa mtu asiyeweza kukaa na farasi dakika tano bila ya kupiga chafya na kufura macho. Usingizi wake wa mchana alikuwa akiulinda kuliko mshahara. Alitazama zulia, akaweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Mimi," alisema.

Ndivyo tulivyoanza. Baba alikuja kutoka kazini, akala, akalala nusu saa badala ya mbili, kisha akachukua funguo na kuniita. Tulikwenda Wadi Kabir gari ikiwa tanuri, Baba amejifunga kilemba usoni mpaka puani. Alimwogopa Zuhura, na Zuhura alimjua kuwa anamwogopa. Lakini alibeba ndoo, alisukuma mikokoteni ya majani, alisimama na saisi kujadiliana habari ya kwato kama mtu aliyezisomea. Kila siku alinung'unika njia nzima, kwenda na kurudi, na hakukosa hata siku moja.

Jioni ya kwanza tuliporudi nilikuwa napita ukumbini kwenda kuoga, Shangazi akaniita.

"Njoo hapa kwanza. Usinawe."

Nikaingia. Akaishika mikono yangu miwili, akaileta usoni pake, akavuta pumzi. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilikuwa nanuka jasho la farasi, majani, ngozi ya hatamu. Kila siku kwa miaka kumi na mbili harufu hiyo ilipanda ngazi saa hiyo, na kila siku yeye aliilalamikia.

"Amekula?" aliuliza, macho amefumba.

"Amekula, Shangazi."

Siku hiyo ilikuwa kweli.

Ikawa ndiyo ada yetu. Nikirudi siendi kuoga, nakwenda kwake. Ananusa mikono yangu na mtandio wangu, ananiuliza amekula, amelala, amechanwa, amesimama wapi. Bibi analeta chai ya tangawizi na vitumbua, tunakula watatu juu ya mkeka. Shangazi alianza kunisimulia mambo ambayo watu wazima hawamsimulii mtoto: jinsi Ami alivyokuja kumposa akasahau maneno, jinsi alivyolia siku Zuhura alipoletwa, kitoto cha farasi chenye miguu kama fito. Nyumbani kwetu nilikuwa mtoto tu. Katika chumba kile nilikuwa ndiye anayengojwa.

Mwezi wa Mei Zuhura alianza kuacha shayiri. Kwanza kidogo, kisha nusu ya ndoo. Saisi alimtoa kila alfajiri kumtembeza, lakini kutembezwa siko kule kukimbia alikozoea, na jua likishatoka hakuna tena la kufanya ila kumrudisha kivulini. Mchana kutwa alisimama ameelekea lango. Daktari wa wanyama alikuja, akampima, akasema hana ugonjwa anaouona, tumwangalie miguu.

Jioni ile Shangazi aliponiuliza, nikamwona uso wake unavyoningoja. Nikasema, "Amekula wote, Shangazi. Akaramba na ndoo."

Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu Machi, na nililileta mimi.

Baada ya hapo ikawa rahisi. Nilimwambia amenenepa. Nilimwambia anang'ara. Siku saisi aliponionyesha mbavu zinavyohesabika na namna anavyouinua mguu wa mbele kwa maumivu, nilirudi nikasema amecheza leo, amerusha miguu. Shangazi alikuwa hamuulizi mtu mwengine. Baba akifika alikwenda moja kwa moja kunawa macho yake yaliyofura, na alidhani habari zinafika.

Mwisho wa Juni saisi alimsimamisha Baba langoni.

"Mzee, mimi nakuambia ukweli. Huyu hatamaliza hii joto. Mpeleke kwa yule mtu wa Barka. Kule kuna wenzake, kuna mahali pa kukimbia."

"Si wangu. Nimemwahidi dada yangu."

"Basi mwambie dada yako vile yuko."

Baba akanigeukia ndani ya gari, kabla ya kutia ufunguo. "Shangazi yako unamweleza hali ya farasi wake?"

"Namweleza," nikasema.

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Anasemaje?"

Ningeweza kulia pale, nikasema yote, na mambo yangekwisha. Lakini niliiona picha nyingine: lori linaondoka, nami narudi nyumbani mikono yangu haina kitu, napita mlango wa chumba kile na hakuna anayeniita.

"Anasema mngoje atoke eda," nilisema.

Baba akatikisa kichwa, akawasha gari. "Dada yangu ana moyo mgumu," alisema. Maneno hayo nayo niliyaacha yapite.

Unajua Julai ya Muscat ilivyo, upepo wenyewe unaunguza kope. Saisi alitundika magunia yaliyoloweshwa maji kwenye madirisha ya banda, akamwagia Zuhura maji mara tano kwa siku. Baba alinunua feni kubwa kwa pesa zake, akaifunga mwenyewe huku anapiga chafya. Nilimwekea tende midomoni, Zuhura akaziacha zianguke.

Agosti Shangazi akatolewa edani. Wanawake walijaa nyumba nzima, akaogeshwa, akavishwa nguo mpya, udi ukafukizwa mpaka uani, Bibi akamrudishia bangili zake. Watu walikula biriani, wakalia kidogo na kucheka kidogo. Mimi nilijificha jikoni.

Asubuhi ya pili yake alimwambia Baba, "Nipeleke."

Alikaa mbele, nami nyuma. Njia nzima alizizungusha bangili zake mkononi. Alishuka, akainua buibui lake lisiguse vumbi, akatazama huku na huku mahali alipopakataa miaka yote hiyo: lango la bati, mtungi wa maji, kiti kibovu ambacho Ami alikuwa akikikalia kunywa kahawa yake. Saisi akamwamkia kwa heshima, akamfungulia banda.

Zuhura alikuwa amesimama pembeni, kichwa chini. Mifupa ya nyonga imetoka, ngozi imekufa rangi, mguu mmoja haukanyagi vizuri. Hakugeuka.

Shangazi alisimama. Kisha akanigeukia mimi, si Baba.

"Uliniambia anakula."

Nikaitazama ndoo ya shayiri.

"Uliniambia anacheza."

"Nilitaka usihuzunike," nilisema.

Baba alinitazama, na nikaona anavyoyapanga maneno yangu ya ndani ya gari siku ile, moja baada ya moja, mpaka akaelewa. Hakunipiga, hakunikaripia. Alitoka nje akasimama juani.

Shangazi aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Nilikuuliza nijue, mwanangu," alisema. "Sikukuuliza unifurahishe." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu aliyechoka.

Akamwomba saisi brashi, akatuambia tutoke. Tulikaa nje karibu saa nzima. Nilimsikia mle ndani akisema maneno ya chini chini, sikuyashika yote. Moja nililishika. "Leo nnakuchana mimi," alisema, na baada ya hapo akalia, kilio ambacho hakukilia hata siku ya maiti.

Alipotoka buibui lake lilikuwa limejaa manyoya mekundu. Akamwambia Baba, "Mpigie simu mtu wa Barka. Aje leo. Asingoje jua lipungue."

Lori lilifika kabla ya adhuhuri. Nilitaka Zuhura akatae, apige mateke, aoneshe kuwa anatujua. Alipanda ubao taratibu nyuma ya saisi, kama mgeni aliyeshakaa zaidi ya siku zake. Saisi alikwenda naye, na huko Barka alibaki kufanya kazi mpaka aliporudi kwao.

Mtu wa Barka alipiga simu mara kwa mara. Wiki ya kwanza anakula. Wiki ya tatu anatembea na farasi wengine. Baada ya hapo miguu ikamzidi, na joto lilipoanza tu kuvunjika, Oktoba, akapiga simu ya mwisho, kusema Zuhura amekufa. Baba aliipokea ukumbini, mimi nimesimama mlangoni. Mtu yule alizungumza kwa sauti kubwa, kama wafanyavyo watu wa mashamba, nikamsikia akisema, "Lau angekuja mapema kidogo," kisha akamwombea Baba heri.

Shangazi hakulirudia jambo lile. Alinipenda kama zamani, alinifundisha kupika, alinifumia mtandio wa harusi yangu. Unguja alikwenda hatimaye, akakuta nyumba imeshaanguka. Mara moja tu, nimeshakuwa mama, nilimuuliza kama anaona Ami alikosea, kama farasi yule alistahili miaka yote ile na gharama zote zile. Alikuwa akichambua mchele, hakusimamisha mkono.

"Miaka kumi na mbili nilimwonea wivu," alisema. "Miezi minne na siku kumi nilimpenda. Nilimwona saa moja. Sasa hesabu hiyo wewe mwanangu nifanyie, mimi imenishinda."

Lakini ninayemkumbuka zaidi ni Baba. Wiki zile za baada ya lori alilala nusu saa yake, akaamka, akachukua funguo, akatoka. Nilimchungulia dirishani. Alikaa ndani ya gari mbele ya nyumba, mikono juu ya usukani, injini imezimwa, mpaka akasikia adhana ya alasiri ikianza msikiti mmoja na kupokewa na mwengine. Kisha akafunga mlango wa gari taratibu, akaenda kusali. Siku moja nilitoka nikafungua mlango, nikakaa ubavuni pake. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno yangu. Akaniwahi.

"Nimezoea tu," alisema, bila ya kunitazama.

Basi nikanyamaza, tukakaa.

Nyumba ya Darsait iliuzwa, na juu yake siku hizi wanakaa watu nisiowajua. Bibi alitangulia kwanza, akafuata Baba, na Shangazi mwaka juzi. Sipo tena katika nyumba ambayo mtu anaulizwa toka mlangoni kama ameshasali, na Kiswahili kile chao nakizungumza na watoto wangu wananijibu kwa Kiarabu. Watu hao nilikaa nao miaka mingi, tukala sahani moja, na kila mmoja alijua nilichofanya, na hakuna aliyenitajia tena. Nilichukua kimya chao kuwa ni msamaha, kwa kuwa ndivyo ilivyonifaa. Kuomba sikupata kuomba.